Richard St. Barbe Baker: Mtu wa Miti Kutoka Hampshire Hadi Muguga

Utangulizi

Mchumia juani hulia kivulini. Methali hii hutumiwa kuwahimiza watu wafanye kazi kwa bidii, lakini huwa hatujiulizi kivuli chenyewe kilitoka wapi, ni nani aliyeupanda mti huo, na ni mti wa aina gani. Katika historia ya Kenya, swali hilo lina uzito wa pekee. Misitu ya nchi hii ilikatwa ili kuendesha garimoshi, ikafyekwa ili kupanda kahawa na majani ya chai, kisha sehemu kubwa ikapandwa upya kwa miti iliyoletwa kutoka mabara mengine. Miongoni mwa waliolishughulikia suala la miti ya kiasili mapema katika karne ya 20 ni Mwingereza mmoja ambaye jina lake linajulikana zaidi ng'ambo kuliko huku alikoanzia kazi yake: Richard St. Barbe Baker.

Makala hii inasimulia maisha ya Baker, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kufariki mwaka wa 1982. Itamwangazia hasa katika kipindi chake cha Kenya, kati ya 1920 na 1924, kwa sababu hapo ndipo wazo lililomfanya ajulikane duniani lilipochipuka. Aidha, itaeleza kwa nini alisisitiza miti ya asili, na itajaribu kumpima kwa mizani ya haki, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni iliyowapokonya wenyeji ardhi iliyobeba miti hiyo.

Malezi na ujana

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na mji wa Southampton katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa dini aliyependa kuhubiri, na pia alikuwa na kitalu cha miti. Mtoto huyo alijifunza kushika mche kabla hajajifunza kushika kalamu. Samaki mkunje angali mbichi, na Baker alikunjwa kuelekea kwenye miti tangu utotoni. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi alivyopotea msituni akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Badala ya kulia kwa hofu, alihisi furaha na utulivu ambao aliukumbuka hadi uzeeni.

Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alivuka bahari kwenda Kanada na kuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan mjini Saskatoon. Nchi ile ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa na walowezi. Baker aliona jinsi walivyong'oa vichaka na miti michache iliyokuwepo, wakalima nyika kwa upana usio na kizuizi, kisha upepo ukaanza kuupeperusha udongo wa juu wenye rutuba. Ili kupata karo alifanya kazi katika kambi za wakata mbao, na huko aliona uharibifu wa namna nyingine: miti iliyochukua miongo mingi kukua ikiangushwa kwa siku moja, na sehemu kubwa ya mbao ikiachwa ioze. Ni wakati huo alipoamua kuwa atasomea elimu ya misitu.

Aliporudi Uingereza alijiunga na Cambridge kusomea uchungaji. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914 alikwenda vitani akiwa askari wa farasi na mizinga, akajeruhiwa zaidi ya mara moja, na mwaka wa 1918 akaondolewa jeshini kwa sababu ya majeraha. Baada ya vita alirudi Cambridge, safari hii kusomea misitu. Mwaka wa 1920 alihitimu na kuajiriwa na Wizara ya Makoloni kuwa Mhifadhi Msaidizi wa Misitu katika Kenya.

Kenya ya 1920

Ni vyema msomaji aielewe nchi ambayo Baker aliingia. Mwaka huohuo wa 1920, eneo lililokuwa likiitwa Himaya ya Afrika Mashariki liligeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, na kwa miaka mingi injini zake zilichoma kuni zilizokatwa kandokando ya njia. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya 1915 iliiweka ardhi ya Waafrika mikononi mwa Mfalme wa Uingereza. Mwaka wa 1921 mahakama ikatoa uamuzi kuwa, kwa mujibu wa sheria hiyo, wenyeji walikuwa wapangaji tu wasio na haki ya kumiliki ardhi yao. Misitu nayo ilikuwa imetengwa kwa sheria na kuwekwa chini ya idara ambayo Baker alikuwa afisa wake.

Katika nyanda za Kikuyu, walowezi walikuwa wamechukua mashamba makubwa kuanzia Kiambu hadi Limuru. Familia zilizobanwa katika hifadhi zililazimika kulima vipande vilevile mwaka baada ya mwaka na kuufyeka msitu uliosalia. Kabla ya hapo, desturi ya Agikuyu ilikuwa na njia zake za kuhifadhi. Mugumo ulikuwa mti mtakatifu wa ibada, na haukuguswa. Aidha, aliyefungua shamba jipya aliacha miti mikubwa ikisimama kwa nafasi, kwa imani kwamba roho za miti iliyoangushwa zingehamia humo. Kwa macho ya mwanasayansi, miti hiyo iliyoachwa ilikuwa miti mama: ilitoa mbegu, ikawapa ndege makao, na kusaidia msitu kurudi shamba lilipoachwa lipumzike. Mfumo huo ulihitaji ardhi ya kutosha ya kupumzisha, na ukoloni uliiondoa nafasi hiyo.

Baker aliwekwa katika nyanda hizo za Kikuyu, na akafanya kazi yake kubwa mahali paitwapo Muguga. Alikuta vilima vilivyokuwa na msitu wa mierezi, ambao Agikuyu huuita mutarakwa, na mizeituni mwitu, yaani mutamaiyu, vikiwa vimebaki uchi. Mvua ilipokuja, maji yalishuka kwa kasi yakiwa mekundu kwa udongo. Idara ilikuwa na fedha kidogo na watumishi wachache. Pia, ilivutiwa zaidi na miti ya kigeni kama mikalitusi, miwati na misaipresi, kwa sababu hukua haraka na kutoa kuni, magome ya kutengenezea ngozi na mbao katika muda mfupi.

Ngoma ya miti

Baker alitambua kuwa hakuna afisa ambaye angeweza kuurudisha msitu peke yake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Alianza kwa kuzungumza na wazee. Kwa mujibu wa simulizi zake, wazee walimjibu kwamba kupanda miti lilikuwa shauri la Mungu: mti mkubwa huangusha mbegu, mbegu huota, na mwanadamu hana kazi humo. Baker hakuwabeza. Aliwaeleza kuwa hoja yao ilikuwa ya kweli maadamu miti mama ilikuwepo, na kwamba yakikatwa yote yaliyozaa mbegu, hata mpango huo wa Mungu ungekosa pa kuanzia.

Aligundua pia kwamba Agikuyu walikuwa na ngoma kwa kila jambo lenye maana. Palikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe, na nyingine ya kuvuna nafaka. Hapakuwa na ngoma ya miti. Kwa kushirikiana na Chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, alitangaza kwamba ngoma hiyo ingechezwa Muguga. Aliahidi zawadi ya fahali aliyenona kwa kijana atakayejipamba vyema zaidi, na shanga kwa msichana atakayewashinda wenzake kwa uzuri.

Tarehe 22 Julai 1922, vijana wa rika la mashujaa walimiminika. Simulizi ya Baker inawakadiria kuwa elfu tatu. Baada ya kuwahutubia, aliomba wajitokeze watakaokuwa tayari kuilinda misitu, na kutoka kundi hilo wakachaguliwa 50 wa kwanza. Mbele ya Ngai waliahidi mambo matatu: kuulinda msitu wa asili, kupanda miche kumi ya miti ya kiasili kila mwaka, na kuitunza miti popote walipo. Chama kilichozaliwa siku hiyo kiliitwa kwa Kiswahili, Watu wa Miti. Jina hilo lilitafsiriwa baadaye kwa Kiingereza na kusambaa duniani, lakini lugha yake ya kwanza ilikuwa hii yetu. Wito wao ulikuwa neno la Kikuyu, Twahamwe, lenye maana ya kuvuta pamoja kama kitu kimoja.

Tarehe hiyo haiwezi kusomwa peke yake. Miezi minne tu kabla ya ngoma ya Muguga, tarehe 14 Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa Nairobi kwa kupinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Siku mbili baadaye umati uliokuja kudai aachiliwe ulipigwa risasi nje ya kituo cha polisi, na watu zaidi ya ishirini wakauawa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru. Vijana waliocheza ngoma Muguga walikuwa wa jamii ileile iliyotoka kuzika. Walikuwa wakiombwa kupanda miti katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imekwisha kusema si yao. Kwa upande mmoja, jambo hili linaifanya sherehe ile ionekane kama kiini macho cha serikali. Kwa upande mwingine, katika jamii nyingi za Kiafrika, kupanda mti wa kudumu ni njia ya kudai ardhi. Yamkini baadhi ya vijana hao waliiona miche yao kwa jicho ambalo idara ya misitu haikulitarajia.

Namna miche ilivyopandwa

Kazi iliyofuata ilikuwa ya jembe. Vitalu vilianzishwa, mbegu za mwerezi na mzeituni mwitu zikakusanywa kutoka kwa miti iliyosalia, na miche ikatunzwa hadi kufikia kimo cha kuhimili jua. Ilipandwa katikati ya mahindi na viazi vikuu. Njia hii ya kuchanganya mazao na miche ilikuwa imeanza kutumiwa na idara ya misitu ya Kenya tangu mwaka wa 1910, na ndiyo inayojulikana hadi leo kwa jina la mfumo wa shamba. Mkulima hupata chakula kwa miaka mitatu hivi, na wakati huohuo palizi ya mazao yake huisaidia miche. Majani ya miti yanapokutana na kuzuia jua, mkulima huhamia kipande kingine na kuacha msitu mchanga nyuma yake. Wengine waliutumia mfumo huo kwa ajili ya miti ya kigeni, ilhali Baker aliutumia kuirudisha miti ya kiasili.

Kwa nini miti ya kiasili? Mwerezi huchukua miongo mingi kufikia umri wa kuvunwa, ilhali msaipresi huwa tayari katika miaka thelathini hivi. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, Baker alikuwa amepotoka. Hesabu yake hata hivyo ilikuwa ya udongo na maji. Msitu wa asili una matabaka: miti mirefu juu, ya wastani chini yake, kisha vichaka, mimea midogo, na zulia la majani yaliyooza. Tone la mvua huangukia majani ya juu, likagawanyika, likashuka polepole hadi kwenye zulia hilo, na kupenya ardhini badala ya kutiririka na kuubeba udongo. Mizizi ya kina tofauti hushikilia tabaka tofauti za udongo. Maji yaliyopenya hujitokeza miezi kadhaa baadaye katika chemchemi, wakati wa kiangazi, mwanakijiji anapoyahitaji zaidi.

Shamba la mti mmoja wa kigeni haliwezi kuyafanya yote hayo. Mkalitusi uliopandwa karibu na chemchemi hunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine huota kwa shida. Isitoshe, miti ya aina moja huangamia pamoja. Kenya ililiona hilo kuanzia mwaka wa 1990, wakati kidukari wa msaipresi alipoingia nchini na kukausha mashamba na nyua za miti hiyo katika maeneo mengi. Katika msitu mchanganyiko, mdudu anayeshambulia aina moja hukuta majirani wasiomfaa. Pia ndege, nyuki na nyani waliozoea matunda na maua ya miti ya asili hubaki, na wao ndio wasambazaji wa mbegu. Mueri huwapa watu dawa kutokana na gome lake, muringa hutoa mbao na maua yanayopendwa na nyuki, na muhugu hutumiwa na wachongaji wa vinyago. Msitu wa namna hiyo ni ghala, duka la dawa na tangi la maji kwa pamoja.

Kuondoka Kenya na kuzunguka dunia

Baker aliondoka Kenya mwaka wa 1924. Mwaka huohuo alihudhuria mkutano wa dini mbalimbali uliofanyika London, na mada aliyoitoa ilihusu imani za Agikuyu. Wakati ambapo wengi wa wenzake waliziona imani za Kiafrika kuwa ushirikina mtupu, yeye alizieleza kama mfumo wa fikra unaostahili heshima. Katika mkutano huo aliifahamu imani ya Kibahai na kujiunga nayo. Mwaka wa 1924 pia alianzisha tawi la Watu wa Miti nchini Uingereza.

Kati ya 1925 na 1929 alifanya kazi ya misitu katika majimbo ya kusini mwa Nigeria, penye misitu minene ya mikangazi. Mwaka wa 1929 alikwenda Palestina, na huko aliwaleta pamoja Waislamu, Wayahudi na Wakristo katika chama kimoja cha kupanda miti, jambo ambalo siasa za eneo hilo hazikuliwezesha kwa urahisi katika masuala mengine. Baadaye alivuka kwenda Marekani na kushiriki katika kampeni ya kuiokoa miti mikubwa ya California, ambayo baadhi yake ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja na ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya mbao.

Mwaka wa 1933 Rais Franklin Roosevelt alianzisha jeshi la vijana wasio na ajira waliopelekwa kuhifadhi ardhi na misitu. Hadi lilipovunjwa mwaka wa 1942 lilikuwa limepanda miti ipatayo bilioni tatu. Baker alisema kuwa alikuwa amempa Roosevelt wazo la namna hiyo, na wafuasi wake hulirudia dai hilo. Hata kama wazo lilikuwa na wazazi wengi, ulinganifu wake na vijana wa Muguga hauwezi kupuuzwa: katika pande zote mbili, vijana walichukuliwa kuwa jeshi linaloweza kupigana bila kuua.

Alikuwa pia mwandishi hodari. Kitabu chake kuhusu Watu wa Miti kilitoka mwaka wa 1931, na kingine kuhusu maisha yake Afrika, Africa Drums, kikatoka mwaka wa 1942. Mwaka wa 1955, Kenya ikiwa chini ya sheria ya hali ya hatari na ndege za Waingereza zikiwa zimedondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, alichapisha Kabongo, kisa cha chifu Mkikuyu. Wakati ambapo magazeti ya Uingereza yaliwachora Agikuyu kama wanyama, kitabu hicho kiliwachora kama watu wenye historia, sheria na utu.

Jangwa na uzee

Mwaka wa 1952 na 1953 Baker aliongoza msafara wa kisayansi kuvuka jangwa la Sahara, safari ya takriban maili 9,000. Alirudi akiwa na pendekezo la kupanda ukanda wa miti kulizunguka jangwa ili kulizuia lisisonge. Alipenda kuilinganisha ardhi na mwili: kiumbe akipoteza thuluthi moja ya ngozi yake hufa, na nchi nayo ikipoteza kiasi hicho cha misitu huelekea kufa. Pendekezo lake halikutekelezwa enzi zake. Hata hivyo, mwaka wa 2007 Umoja wa Afrika ulizindua mpango wa Ukuta Mkubwa wa Kijani kusini mwa Sahara, na wengi humtaja Baker miongoni mwa waliolitanguliza wazo hilo.

Uzee haukumfunga miguu. Alihamia New Zealand baada ya ndoa yake ya pili mwaka wa 1959. Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alipanda farasi na kusafiri maili zipatazo 1,200 katika nchi hiyo, akisimama shuleni kuwafundisha watoto kuhusu miti. Mwaka wa 1971 Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilimtunukia shahada ya heshima. Alikwenda pia India kuwaunga mkono wanakijiji wa vuguvugu la Chipko, waliokuwa wakiikumbatia miti ili isikatwe.

Mwaka wa 1982 alisafiri tena hadi Saskatoon, alikoanzia masomo. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti katika uwanja wa chuo hicho. Siku nne baadaye, tarehe 9 Juni, akafariki akiwa na umri wa miaka 92, na akazikwa mjini humo.

Tathmini

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baker si mtu wa kusifiwa bila maswali. Kwanza, alikula mshahara wa serikali iliyonyakua ardhi, na idara yake iliwageuza wenyeji kuwa wavamizi katika misitu ya mababu zao. Pili, kumwita mwanzilishi wa uhifadhi Kenya ni kuwasahau wazee walioulinda mugumo karne nyingi kabla yake. Alichofanya ni kuitambua hekima iliyokuwepo na kuipa umbo la chama. Tatu, baadhi ya madai yake ya kisayansi hayajathibitishwa. Aliamini kuwa mkono wa mwanadamu ndio uliosababisha Sahara kuwa jangwa, lakini utafiti unaonyesha kuwa mabadiliko ya asili ya tabia ya nchi, miaka elfu kadhaa iliyopita, yalichangia zaidi.

Hata hivyo, katika jambo moja alikuwa mbele ya wakati wake, nalo ni kwamba swali la mti gani unapandwa lina uzito sawa na swali la miti mingapi inapandwa. Kenya imejifunza somo hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1980, mathenge uliletwa Baringo na sehemu nyingine kame ili kuzuia jangwa. Mti huo ulikua haraka kama ilivyoahidiwa, kisha ukavamia malisho, ukaziba njia za maji na kuwaumiza mifugo kwa miiba na maganda yake. Nia ya kupanda ilikuwa njema, ila mti wenyewe ulikuwa mgeni asiyejua adabu za mwenyeji.

Wazo la Muguga liliendelea kuishi katika mikono mingine. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Tofauti na Baker, Maathai aliunganisha waziwazi mti na haki ya kumiliki ardhi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 alipigwa akiutetea msitu wa Karura usigawiwe wanyakuzi. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Muguga yenyewe ni makao makuu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, iliyoanzishwa mwaka wa 1986. Chama cha Watu wa Miti nacho kilibadilisha jina mwaka wa 1992 na kuwa wakfu wa kimataifa wa miti, ambao umeendelea kushirikiana na vikundi vya wanajamii nchini Kenya.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka nchi iwe na miti katika angalau asilimia 10 ya eneo lake. Tathmini ya taifa ya mwaka wa 2021 ilionyesha kuwa kiwango hicho kilikuwa kimepitwa, kwa asilimia 12.13, na mwishoni mwa 2022 serikali ikatangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tarakimu hizo ni za kutia moyo. Hata hivyo, hazielezi ni miti ya aina gani, wala ni nani atakayeitunza baada ya viongozi kunawa mikono na kupanda magari yao kurudi mjini.

Ahadi ya vijana wa 1922 ilikuwa na majibu ya maswali yote mawili. Walitaja aina ya mti, yaani wa kiasili. Walitaja idadi ambayo mtu mmoja anaiweza, yaani kumi kwa mwaka. Wakataja pia utunzaji, na si upanzi tu. Haba na haba hujaza kibaba: mtu aliyeitimiza ahadi hiyo kwa miaka thelathini angeacha miti 300, na hao hamsini wa kwanza peke yao wangeacha msitu wa miti 15,000. Jamii inayotaka chemchemi zake zirudi haina haja ya kubuni mpango mpya. Inahitaji mbegu za mutarakwa na mutamaiyu, kitalu, jembe, haki ya kuimiliki ardhi inayoipandia, na subira ya kuungoja mti ambao kivuli chake kitawafaa wajukuu.